Hakuomba Jembe

Tabora, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima, kwa kadiri ya kusimama na kutembea. Mama uvimbe wa mguu umepungua, sasa anafika mpaka jikoni kwenda kukosoa. Binamu Zablon amemaliza kuezeka stoo na mvua imekuja kesho yake, haikupenya. Mashine ya kusaga iliunguza mota. Nimenunua ya mtumba, inakula umeme kidogo kuliko ile na inasaga vilevile, kwa hiyo nimelia siku moja tu. Simu ya duka anaishika Siwema, binti anayenisaidia kuuza. Mimi simu siigusi, sababu unaijua, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu na kumpa kondakta wa basi la Nzega. Ukijibu, mpe huyohuyo.

Wiki iliyopita kesi ya Leonia ilisomwa. Walioshtakiwa kumteka na kumuua mwanangu ni watatu: wale vijana wawili waliokamatwa Igunga na simu yake mfukoni, na Chidawali. Kesi sasa inapanda Mahakama Kuu, na kabla ya kupanda maelezo ya mashahidi wote husomwa kwa sauti. Watu walijaa mpaka madirishani. Mji huu ulifunga maduka siku tulipomzika Leonia, na watu haohao safari hii walikuja na karanga za kutafuna.

Nilikaa mstari wa mbele. Yakasomwa ya warina asali waliomkuta msituni, barabara ya Ipole. Yakasomwa ya mshtakiwa wa kwanza, hayo sitayaandika. Kisha yakasomwa ya kwako.

Siku ile uliniambia nini? Uliniambia, "Dada, kuna simu ilikuja asubuhi ya mzigo, nikadhani ni utani, nikajibu utani." Hukuniambia utani gani. Nimeusikia kwa mdomo wa karani, anasoma kama anayetangaza bei ya mahindi. Kwamba Jumapili asubuhi, ukiwa msibani Ipole, simu yako ambayo namba yake iko kwenye lebo za asali yetu iliita, namba ngeni, sauti ya mwanamume ikasema, "Mzigo wenu tunao. Mkitaka upite, toeni milioni thelathini." Na wewe ukasema, "Huo mzigo umetuchosha. Mchinjeni mle, ngozi mtuletee." Karani akaongeza kuwa shahidi alicheka, akakata simu.

Nyuma yangu watu waliguna wote pamoja. Sasa wapiga debe wakigombania abiria stendi wanaambiana "mchinjeni mle." Siwema anadhani sisikii.

Najua tulikuwa tunamzika baba. Najua Chidawali, mtani wetu Mgogo, alikuwa kazini kwake, ameshateka sufuria ya wali na baiskeli ya katekista, na jeneza lenyewe alilikalia njiani mpaka likombolewe. Najua alikuwa amerudi kwake Igalula usiku, na simu ikilia asubuhi ungemdhania yeye. Yote hayo nayajua. Nataka uniandikie wewe, kwa mkono wako, ulisema nini juu ya mwanangu.

Mke wa Chidawali, Asnath, alikuja dukani juzi kununua chumvi. Nimemkataza Siwema asimuuzie. Mumewe na anyongwe, chumvi atanunua kwingine.

Dada yako,
Apolinaria


Nzega, 29 Machi 2024

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Milele, Amina. Nashukuru kusikia mama anafika jikoni. Huku jua ni kali na vumbi la karasha halitupi nafasi. Tunasaga mawe ya dhahabu kutwa, jioni mtu ukikohoa unatema kitu cha rangi ya saruji. Bosi amenipa kusimamia mashine mbili, si haba. Advera amejifungua salama, mtoto wa kiume. Tulikuwa tumeandaa jina la kike. La kiume bado hatujapata.

Habari za Zablon nimezifurahia. Mwambie mabati ayafunge kwa misumari yenye kofia, upepo wa Agosti anaujua.

Kuhusu hayo mengine: maelezo yangu nilishayatoa polisi na wamekusomea. Aliyepiga ni Chidawali. Alisema mzigo, alisema upite. Nani mwingine katika dunia hii anamwambia Mnyamwezi habari za mzigo kupita? Utani ni utani, dada, wewe mwenyewe umekulia humo. Sina la kuongeza. Wakinihitaji wataleta samansi.

Msalimie mama, umwambie nitakuja kazi ikipungua.

Mdogo wako,
Kasimiri


Tabora, 15 Aprili 2024

Kasimiri,

Hongera kwa mtoto, na Advera apewe pole na hongera. Nimempa kondakta blanketi na dumu la asali. Asali ni ya Advera, mtoto asilambishwe hata kidogo kabla hajatimiza mwaka, hata bibi zake wa huko wakisema nini. Mama amefurahi sana. Ameuliza jina, nikamwambia linakuja.

Nimeona kwamba hukuandika neno lenyewe. Umeandika misumari ya Zablon.

Sasa nisikilize. Mimi sikusoma kama wewe, maana ada ilitosha mtoto mmoja na nilitaka uwe wewe. Lakini hesabu ninaijua, asali nimeianza na ndoo moja kichwani kutoka Ipole. Mwezi mzima huu nimekuwa nikipiga hesabu moja, haikubali.

Kwenye harusi yangu Chidawali aliteka kiti cha bibi harusi. Alidai nini? Jembe. Ubatizo wa Leonia akateka beseni la maji, padri amesimama anangoja, akadai jembe. Ulipomaliza chuo aliteka kofia yako. Jembe. Kwenye jeneza la baba alikaa akisema, "Babu zenu walipita kwetu na meno ya tembo mabegani wakanywa maji ya visima vyetu, na huyu mpagazi wa mwisho hapiti mpaka nione jembe." Ndiyo hongo waliyokuwa wanatozwa wapagazi wetu zamani zile, na ndio utani wake wote, hana mwingine. Tumeuchoka tangu tukiwa watoto. Hajawahi kudai hata shilingi. Zablon alipompa elfu kumi siku ile ili aondoke kwenye jeneza, alimrushia, akamwambia, "Hii kanunulie akili."

Aliyekupigia simu hakuomba jembe.

Na hilo neno mzigo: nenda stendi usikilize vijana. Simu ya wizi ni mzigo, bangi ni mzigo, pesa ni mzigo. Neno limekuja na malori kutoka Dar. Wewe ulisikia msafara wa babu, mwenzio alikuwa anazungumza biashara.

Nakuuliza swali moja, ujibu hilo tu, misumari uniachie mimi. Sauti ile ilikuwa ya Chidawali?

Apolinaria


Tabora, 20 Juni 2024

Kasimiri,

Kondakta anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Haya. Mama ni mzima. Misa ya mwaka ya baba na ya Leonia tumeifanya siku moja, padri amekubali kwa sababu walizikwa wiki moja. Kiti chako tulikiweka, akakalia mtoto wa jirani.

Nilikwenda Igalula. Nimekwenda kwa treni, nikashuka na mkoba wangu, nikauliza nyumba ambayo nimeijua tangu utotoni, kwa sababu miguu ilikataa kunipeleka yenyewe. Asnath alikuwa anapepeta. Hakuniambia karibu. Nilikaa kwenye kinu.

"Umekuja kuona nyumba ya muuaji," akasema.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza, treni yako inarudi jioni."

"Asubuhi ile alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala. Alirudi na pombe yenu yote tumboni. Shahidi wake ni mimi, na mke hasikilizwi."

"Alikuwa na laini nyingine ya simu?"

Kasimiri, yule mwanamke alicheka, sikutegemea kama angeweza kucheka. Akasema, "Apolinaria, mume wangu hajawahi kupiga simu tangu zimeletwa. Anabipu. Ameanza kubipu akiwa na nywele nyeusi. Leo aweke salio, anunue na laini, ili ampigie nani? Kasimiri?"

Kisha akaacha kupepeta. Akasema mbuzi wote wamekwisha kwa nauli za kwenda gerezani, na kwamba Chidawali kila akimwona anamuuliza jambo moja: Kasimiri amesemaje? Si wakili, si jaji. Anasema Kasimiri anaijua sauti yangu, amenisikia nikimtukana tangu hajaota meno.

Nilimwachia kilo mbili za chumvi. Hakuzigusa nikiwa pale.

Wale vijana wawili wamekataa kumtaja aliyepiga simu. Hakuna kinachomfunga mzee yule isipokuwa maneno yako. Nilikuuliza swali Aprili.

Apolinaria


Nzega, 11 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Mtoto anaumwa tumbo, tumelala zahanati siku mbili, sasa nafuu. Salamu zimetosha.

Umetaka niandike, haya naandika. Sauti ilikuwa ya kijana. Ilikuwa kavu, ina haraka, nyuma yake pikipiki inaunguruma. Asubuhi ile sikuijali. Palikuwa na watu mia na ngoma na Chidawali alikuwa ametuchosha jana yake kutwa, mtu anasema mzigo, anasema upite, mdomo wangu ukajibu wenyewe. Jioni ulipoanza kuuliza Leonia yuko wapi, mbona alikwenda mjini jana kuleta sukari na unga na hajarudi, ndipo nilipoisikia tena ile sauti kichwani, nikajua haikuwa ya mzee.

Lakini unakumbuka uani? Nilisema tu kwamba kuna simu ilikuja ya mzigo. Wewe ndiye uliyepiga kelele, "Chidawali, ni Chidawali." Watu wote wakageuka. Polisi walipokuja jina lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa kila mtu, wakaniuliza, ni yeye? Nikasema ndiyo.

Sasa wewe mwenye hesabu nipigie na hii. Kama aliyepiga ni Chidawali, basi mimi nilimjibu mtani wangu, na mtu hashtakiwi kwa utani. Kama si Chidawali, basi mimi ni mjomba niliyeulizwa na wauaji tumfanye nini mtoto wa dada yako, nikawaambia wamchinje, nao wakanisikiliza. Ndicho unachotaka nikakiseme kizimbani mji mzima unasikia? Nirudi vipi nyumbani kwangu? Huyu mtoto nimbebe kwa mikono ipi?

Chidawali ni mzee, ameshaishi. Mimi ningali naishi.

Usiniandikie tena habari hii.

Kasimiri


Tabora, 2 Agosti 2024

Kasimiri,

Mama anakula. Samansi yako ililetwa dukani, Siwema ameiambatanisha hapa. Kikao kinaanza wiki ya pili ya Septemba.

Nilipiga kelele uani, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa sijaisikia ile sauti.

Nimekwenda kwa wakili wa serikali, nikamwambia shahidi wake ana jambo la kurekebisha. Sikumwambia ni lipi. Alisema mtu akilirekebisha mwenyewe kabla hajaulizwa, husikilizwa tofauti na aliyenaswa. Utalirekebisha, au utashika Biblia useme uongo huku mimi nakutazama. Nitakaa mstari wa mbele.

Apolinaria


Nzega, 30 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama. Advera anakushukuru kwa nguo za mtoto. Tumembatiza, jina lake Anton, kwa ajili ya baba.

Nilisema, ulinisikia. Nilisema sauti haikuwa ya Chidawali, na kwamba nililijua hilo kabla ya kuandikisha maelezo. Wakili wa wale vijana akanifanya nirudie maneno niliyojibu kwenye simu. Nikarudia. Akasema, "Kwa sauti, shahidi, jaji hajakusikia." Nikasema tena. Mtu mmoja nyuma alicheka, akatolewa nje. Mzee Chidawali alikuwa anatazama miguu yake. Nilitamani anitukane.

Nikaambiwa niketi, nikaketi. Na ilipofika mchana yakapokelewa maelezo ya mshtakiwa wa kwanza, yakasomwa. Yale ambayo Machi uliniandikia kwamba hutayaandika.

Dada, walimuua Leonia Jumamosi. Jioni ileile waliyomchukua, kwa sababu aliwatambua, walikuwa wateja wa asali dukani kwako. Simu ilipigwa Jumapili asubuhi. Walikuwa wanaomba pesa ya mtu ambaye ameshalala msituni usiku kucha. Nilipokuwa nacheka na ile simu, neno langu halikuwa na wa kumfikia.

Miezi kumi na tano mimi nimelala na neno hilo. Nilikimbia nyumbani kwa sababu yake. Nilimwacha mzee ndani kwa sababu yake, hilo silikatai, ni langu. Lakini wewe ulikuwa mstari wa mbele tangu mwezi wa pili. Uliyasikia yote mawili siku moja, ya kijana na ya kwangu, yale ya kunifungua na haya ya kunifunga. Ukaniandikia moja.

Ungeniambia Machi, ningekuja Machi. Chidawali angekwenda mahakamani akiwa na ushahidi wangu miezi sita kabla. Ulipokwenda kukaa kwenye kinu cha Asnath ulikuwa unalijua hilo. Uliponipigia hesabu ya majembe ulikuwa unalijua.

Nijibu swali moja tu, na misumari uniachie mimi. Kwa nini?

Kasimiri


Tabora, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama mguu umerudi kuvimba, daktari amemkataza chumvi, naye amemkataza daktari kuja. Mvua za kwanza zimenyesha. Zablon anasema mabati yako sawa.

Jaji alisema Chidawali hana kesi ya kujibu, akatoka Oktoba. Wale wawili wamehukumiwa kunyongwa. Mji ulipiga vigelegele mlangoni, mimi nilitokea nyuma. Aliyepiga simu hajulikani mpaka leo. Labda ananunua asali.

Umeuliza kwa nini. Nimekaa na barua yako mwezi na nusu nikitafuta jibu linalonipendeza, halipo, nakupa lililopo. Siku ile mahakamani nilitoka nikiwa na mambo mawili mkononi. Moja, kwamba mwanangu aliuawa na watu aliowapimia asali kwa mkono wake, kwenye duka nililomfundisha mimi kucheka na wateja. La pili, kwamba wewe ulicheka. La kwanza sikuwa na wa kumpa. Wale vijana wako nyuma ya waya, hawanitazami. La pili lilikuwa na mwenyewe, yuko Nzega, ana anuani. Nilitaka nawe ulale kama ninavyolala. Nilijua kwamba neno lako halikumuua mtu, na kila nilipokuandikia nilijua. Chidawali nilimwona kama gharama. Mwanzoni nilidhani anastahili, baadaye nikajua hastahili, na bado nikasema Kasimiri kwanza aje mwenyewe, aje bila kufunguliwa. Ulikuja. Kwa hilo sikusifu, ilikupasa. Nami sijisamehe, na wewe usinisamehe haraka, itakuwa uongo.

Krismasi mlete Anton, mama amwone. Advera na mtoto watalala kwangu. Wewe utapata chumba kwa Zablon.

Tarehe mbili tulikwenda Ipole kubariki makaburi. Padri alipomaliza tukatandika mikeka, tukapika uji. Nikamwona Chidawali anakuja na Asnath, amekonda, mvi tupu, anatembea pembezoni mwa njia. Nilijua atakachofanya, na kama hajui nilitaka kumsaidia. Nikavua viatu vyangu vipya, nikaviweka katikati ya njia yake, mahali ambapo hata mtoto angeviteka. Nikaweka na sufuria karibu. Nikasema kwa sauti, asikie, "Wagogo wamefika, ficheni vitu."

Kasimiri, yule mzee ananipita miaka ishirini. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia, akakunja mikono mbele. Akasema, "Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

Nikasema karibu. Akasema asante. Alikunywa uji, akasema ni mzuri, akauliza afya ya mama yetu kwa jina lake la ubatizo, lile ambalo hakuna mtu analitumia. Jua lilipogeuka akaaga kila mmoja kwa mkono, pamoja na watoto. Viatu vyangu vilikuwa bado palepale njiani. Alivizunguka, taratibu, akiangalia asivikanyage.

Dada yako,
Apolinaria